Jinsi mashine zinavyofunzwa kusaka chembe zisizoonekana

KWA zaidi ya karne moja sasa, wataalamu wa fizikia ya kwanta wamekuwa wakikabiliana na tatizo moja sugu: vitu wanavyovichunguza havionekani kwa macho, havitulii mahali pamoja, na aghalabu hutoweka kabla ya kupimwa.

Katika miongo ya hivi karibuni, tatizo hilo limeongezewa jingine lililoletwa na ufanisi wenyewe. Mitambo ya kisasa ya utafiti huzalisha data nyingi mno hivi kwamba hakuna jopo la wataalamu, liwe kubwa namna gani, linaloweza kuzipitia zote.

Ni hapo ambapo taaluma ya ujifunzaji wa mashine, ambayo ni tawi la akili mnemba, imejipatia nafasi. Tarakilishi hupewa mifano mingi, ikajifunza yenyewe kutofautisha kinachotafutwa na kisichotakiwa, kisha ikakabidhiwa kazi ya kuchambua data halisi.

Hata hivyo, msaada huo umezua swali zito. Ikiwa chembe yenyewe haionekani, na mashine iliyoitambua haiwezi kueleza kwa lugha ya binadamu ilivyofikia uamuzi wake, itajulikanaje kwamba kilichoonekana kipo kweli?

KWANTA NI NINI?

Neno kwanta lina asili ya Kilatini, na maana yake ni kiasi. Liliingia katika fizikia baada ya mwanasayansi Mjerumani, Max Planck, kueleza mnamo 1900 kwamba nishati hutolewa kwa vipande vidogo vidogo, mfano wa pesa ambazo haziwezi kugawanywa chini ya senti moja.

Baadaye ilidhihirika kwamba elektroni, protoni, atomu na chembe za mwanga ziitwazo fotoni zote hufuata kanuni za ulimwengu huo mdogo. Mojawapo ya kanuni hizo ni kwamba haiwezekani kutabiri kwa hakika matokeo ya kipimo kimoja. Kinachoweza kukokotolewa ni uwezekano wa kila tokeo.

Kwa sababu hiyo, jaribio moja halithibitishi jambo. Mtu aliyepewa sarafu na kuambiwa abaini iwapo imepinda upande mmoja hawezi kutoa jibu baada ya kuirusha mara moja. Sharti airushe mara mia, au mara elfu, kisha ahesabu.

Wanafizikia nao hulazimika kurudia jaribio mara mamilioni, na wakati mwingine mara mabilioni. Hiki ndicho chanzo cha mlima wa data unaowakabili.

MLIMA WA DATA

Mfano ulio wazi zaidi uko katika Shirika la Ulaya la Utafiti wa Nyuklia, lijulikanalo kama CERN, ambalo lilianzishwa mnamo 1954 karibu na jiji la Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa.

Huko, takriban mita 100 chini ya ardhi, mna njia ya mviringo yenye urefu wa kilomita 27. Ndani yake, mafungu ya protoni huzungushwa kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, mengine yakielekea upande mmoja na mengine upande wa pili, kisha hugonganishwa.

Mafungu hayo hupishana hadi mara milioni 40 kwa sekunde. Kila yanapopishana, protoni kadhaa hugongana na kutawanya vumbi la chembe mpya pande zote.

Migongano hiyo hunaswa na mitambo mikubwa, miwili kati yake ikiwa ATLAS na CMS. ATLAS ina urefu wa mita 46 na uzito wa tani 7,000. CMS ni fupi zaidi lakini ina uzito wa tani 14,000.

Hakuna ghala la data linaloweza kuhifadhi yote yanayotokea. Kwa hivyo, mitambo huamua katika sehemu ndogo sana ya sekunde ni migongano ipi iwekwe na ipi itupwe. Katika miaka ya 2015 hadi 2018, kati ya migongano yote ya kila sekunde, ni ile ya mapishano takriban 1,000 pekee iliyohifadhiwa ili ichunguzwe kikamilifu. Iliyotupwa haikurudi tena.

Hata baada ya mchujo huo, kazi ingali ngumu. Chembe ya Higgs, ambayo ilisakwa kwa karibu nusu karne, huzaliwa takriban mara moja tu katika migongano bilioni moja.

Isitoshe, chembe hiyo haidumu. Husambaratika papo hapo na kugeuka chembe nyingine za kawaida, ambazo pia huzalishwa kwa wingi na migongano isiyohusiana nayo kamwe. Mtafiti hubaki na kazi ya kutenga mchele na chuya, ilhali chuya ni mabilioni na punje za mchele ni chache mno.

MASHINE HUFUNZWAJE?

Kabla ya ujio wa mbinu hizi, wanafizikia waliweka mipaka kwa mkono. Waliamua, kwa mfano, kwamba mgongano wowote wenye nishati iliyo chini ya kiwango fulani utupiliwe mbali, kisha wakaweka mpaka wa pili, wa tatu na kuendelea.

Kasoro ya mtindo huo ni kwamba mgongano mzuri uliokosa sharti moja kwa kiasi kidogo ulitupwa pamoja na makapi, hata kama ulitimiza masharti mengine yote.

Ujifunzaji wa mashine huangalia vipimo vyote kwa pamoja. Kwanza, watafiti huigiza migongano ndani ya tarakilishi kwa kutumia kanuni za fizikia zinazojulikana. Kila mgongano wa kuigiza hutiwa alama: huu una chembe inayosakwa, huu hauna.

Mashine huonyeshwa mifano hiyo kwa maelfu na malaki. Kila inapokosea, hujirekebisha kidogo, hadi makosa yake yapungue kwa kiwango cha kuridhisha. Baadaye hujaribiwa kwa mifano ambayo haijawahi kuiona, ili ibainike iwapo imeelewa au imekariri tu.

Mbinu mojawapo iliyotumiwa sana ni miti ya maamuzi. Kila mti ni mfululizo wa maswali ya ndiyo au la: je, nishati imezidi kiwango hiki? Je, pembe kati ya chembe hizi mbili ni ndogo kuliko hii?

Mti mmoja peke yake ni dhaifu. Kwa hivyo hupandwa mamia, kila mti mpya ukitilia mkazo mahali ambapo iliyotangulia ilikosea. Uamuzi wa mwisho hutokana na jumla ya kauli za miti yote, kama lilivyo baraza la wazee ambamo hakuna mmoja anayetoa hukumu peke yake.

Mbinu ya pili ni mitandao ya niuroni, ambayo iliundwa kwa kuigiza kwa mbali jinsi seli za ubongo zinavyopashana habari. Waasisi wawili wa msingi wa mitandao hiyo, John Hopfield na Geoffrey Hinton, walituzwa Nobeli ya Fizikia mnamo 2024.

SAFARI YA MIAKA MINGI

Kinyume na dhana ya wengi, wanafizikia hawakusubiri mwamko wa juzi wa akili mnemba. Walianza kujaribu mitandao ya niuroni tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati ambapo tarakilishi zilikuwa na uwezo mdogo ajabu zikilinganishwa na simu za leo.

Mnamo 2006, watafiti wa mtambo wa D0 katika maabara ya Fermilab nchini Marekani walitumia miti ya maamuzi, miongoni mwa mbinu nyingine, kupata ushahidi wa kwanza wa kwaki iitwayo topu ikizalishwa pekee badala ya kuwa katika jozi. Ugunduzi kamili ulitangazwa mnamo 2009.

Kisha ikaja siku ya Julai 4, 2012. CERN ilitangaza kwamba ATLAS na CMS, kila moja kwa njia yake, zilikuwa zimegundua chembe mpya yenye uzito wa takriban mara 133 ya ule wa protoni. Hiyo ndiyo chembe ya Higgs, ambayo iliwapatia Peter Higgs na François Englert Tuzo ya Nobeli mwaka uliofuata.

Katika uchunguzi wa CMS, miti ya maamuzi ilitumiwa pale Higgs inapogeuka fotoni mbili, jambo ambalo hutokea takriban mara mbili tu katika kila Higgs 1,000. Mashine ilisaidia kutenga fotoni halisi na zile bandia, kukisia mahali hasa zilikotoka, na kupanga migongano kwa ubora.

Mnamo 2014, wanasayansi wa ATLAS waliandaa shindano la wazi kwenye mtandao wa Kaggle. Walitoa migongano 250,000 ya kuigiza yenye alama ili yeyote duniani aifunze mashine yake, kisha wakawapima washiriki kwa migongano mingine ambayo majibu yake yalifichwa.

Timu 1,785 zilishiriki, wengi wakiwa watu wasiokuwa na taaluma ya fizikia. Mshindi alikuwa Gábor Melis wa Hungary, aliyetumia mitandao ya niuroni na kutuzwa dola 7,000.

Miaka minne baadaye, mnamo Agosti 2018, ATLAS na CMS zilitangaza kwamba hatimaye zimeiona Higgs ikigeuka jozi ya kwaki ziitwazo botomu. Ingawa hiyo ndiyo njia ambayo chembe hiyo hufuata zaidi ya nusu ya wakati wote, makapi yake ni mengi kupindukia, na bila mashine zilizofunzwa huenda tangazo hilo lingechelewa sana.

MASHINE INAPOJIDANGANYA

Pamoja na ufanisi huo, wanafizikia wamejifunza kwamba mashine ni mwanafunzi mwerevu anayeweza kupata jibu sahihi kwa njia isiyofaa.

Chukua mfano wa fotoni mbili. Kutokana na nishati zake na pembe iliyo kati yake, watafiti hukokotoa uzito wa chembe iliyozizaa. Uzito wa kila jozi huwekwa kwenye mchoro. Makapi huchora mteremko laini, ilhali chembe halisi huinua nundu mahali pamoja.

Sasa, mifano yote ya Higgs ambayo mashine ilifunzwa kwayo ina uzito uleule. Mashine ikiruhusiwa kuujua uzito huo, itagundua njia ya mkato: itachagua kila jozi yenye uzito unaokaribiana na huo na kutupa nyingine, hata kama zote ni makapi.

Matokeo yake ni kwamba nundu itatokea mchoroni, mahali palepale ilipotarajiwa, ingawa hakuna chembe yoyote. Mashine itakuwa imechonga ugunduzi kutokana na makapi matupu.

Ili kuzuia hilo, wataalamu wa CMS mnamo 2012 waligawanya vipimo vya nguvu ya kila fotoni kwa uzito wa jozi nzima kabla ya kuviingiza katika mashine. Kwa njia hiyo, mashine haikuweza kukisia uzito wenyewe. Baadhi ya mbinu za sasa hufunza mashine mbili zishindane, ya kwanza ikichambua migongano na ya pili ikijaribu kuotea uzito kutokana na majibu ya ya kwanza. Ya pili ikifaulu, ya kwanza huadhibiwa.

Hatari ya pili imo katika mifano ya kuigiza. Iwapo maigizo yanatofautiana na mtambo halisi hata kwa kiasi kidogo, mashine itakuwa imejifunza ulimwengu usiokuwepo.

Kwa hivyo, kama vile mizani ya sokoni inavyokaguliwa kwa jiwe lenye uzito unaojulikana, mashine hizi hukaguliwa kwa chembe zilizozoeleka. Chembe iitwayo Z, iliyogunduliwa CERN mnamo 1983, hugeuka jozi ya elektroni na uzito wake unajulikana kwa usahihi mkubwa. Watafiti hulinganisha jinsi mashine inavyoiona Z halisi na Z ya kuigiza, kisha hurekebisha tofauti.

Hatari ya tatu ni binadamu mwenyewe. Mtafiti mwenye shauku anaweza kuichezea mashine pole pole, bila kukusudia, hadi itoe jibu analolitamani. Dawa yake ni kujifumba macho: sehemu ya data ambamo chembe inatarajiwa hufichwa, mbinu hukaguliwa na kuidhinishwa, na ndipo pazia hufunuliwa. CMS ilifanya hivyo kabla ya tangazo la 2012.

NUNDU ILIYOTOWEKA

Hata tahadhari hizo zote zikizingatiwa, bahati nasibu bado inaweza kupotosha. Mnamo Desemba 2015, ATLAS na CMS ziliripoti kuona nundu ndogo katika michoro ya fotoni mbili, mahali penye uzito wa takriban mara sita ya ule wa Higgs.

Wengi walitumaini kwamba chembe mpya kabisa ilikuwa imejitokeza. Katika miezi michache, mamia ya makala ya kitaalamu yaliandikwa kuieleza.

Lakini data za mwaka uliofuata zilipochanganuliwa na matokeo kutangazwa jijini Chicago mnamo Agosti 2016, nundu ile haikuwepo tena. Hakuna aliyedanganya wala mtambo ulioharibika. Makapi yalikuwa yamejirundika mahali pamoja kwa sadfa.

Kisa hicho kiliwakumbusha watafiti umuhimu wa kipimo wanachokiita sigma tano. Maana yake ni kwamba iwapo chembe haipo, uwezekano wa makapi pekee kuinua nundu kubwa kiasi hicho ni takriban 1 katika milioni 3.5. Higgs ilitimiza kipimo hicho mnamo 2012. Nundu ya 2015 haikukifikia.

Mashine haijapewa idhini ya kukiuka sheria hiyo. Kazi yake ni kuongeza punje na kupunguza chuya. Hukumu ya mwisho hutolewa kwa hesabu, na kwa kulinganisha mitambo miwili inayofanya kazi bila kutegemeana.

ATOMU BARIDI NA TARAKILISHI ZA KWANTA

Mbinu hizi hazijafungiwa CERN pekee. Mnamo 2016, watafiti nchini Australia waliripoti kwamba waliiachia mashine usukani wa jaribio la kupoza atomu za rubidi hadi karibu na kiwango cha chini kabisa cha baridi, ambapo atomu hizo huanza kutenda kama kitu kimoja.

Mashine ilibadilisha vipimo vya jaribio, ikatazama matokeo, ikajaribu tena. Ilifikia lengo kwa majaribio machache mara 10 kuliko mbinu iliyotumiwa awali, na ikasaidia kubaini ni vipimo vipi vilivyokuwa na umuhimu.

Mnamo 2019, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Harvard walitumia mtandao wa niuroni kuchunguza picha za atomu zilizopigwa moja moja kwa hadubini maalumu. Waliufunza kwa picha za nadharia mbili zinazoshindana, kisha wakauonyesha picha halisi ili useme zinafanana zaidi na ipi.

Katika tarakilishi za kwanta, ambazo vipande vyake vya kumbukumbu huvurugika kwa urahisi mno, mashine hufunzwa kukisia kosa limetokea wapi bila kuvipima vipande vyenyewe. Mnamo Novemba 2024, kampuni ya Google ilieleza kuhusu programu yake ya AlphaQubit, iliyofanya makosa pungufu kwa takriban asilimia 6 ikilinganishwa na mbinu sahihi zaidi iliyokuwepo. Hata hivyo, watafiti hao walikiri kwamba programu hiyo ilikuwa bado na mwendo wa polepole usiotosha kusahihisha makosa papo hapo.

MLANGO ULIO WAZI

Mtambo wa CERN unaendelea kuboreshwa, na awamu mpya ambayo itaongeza migongano maradufu inatarajiwa kuanza mnamo 2030. Tayari, tangu 2024, CMS inatumia mashine iliyofunzwa kutambua migongano isiyo ya kawaida katika hatua ya kwanza kabisa ya mchujo, hata kama haifanani na chochote kilichotabiriwa.

Hatua hiyo ni muhimu kwa sababu mchujo wa awali huhifadhi tu kile ambacho binadamu alikumbuka kukitafuta. Iwapo kuna chembe ambayo hakuna aliyeiwazia, yamkini imekuwa ikitupwa miaka yote hii.

Kwa bara la Afrika, nafasi ya kushiriki haipo mbali. Afrika Kusini na Morocco ni miongoni mwa nchi zenye watafiti katika ATLAS. Aidha, chuo cha muda cha fizikia ya msingi barani Afrika, kilichoanza nchini Afrika Kusini mnamo 2010 na ambacho huhamia nchi tofauti, kilifanyika Kigali, Rwanda, mnamo 2016.

Vilevile, tangu Novemba 2014, CERN imekuwa ikiweka sehemu ya data zake kwenye tovuti iliyo wazi kwa umma, zikiwemo zile za shindano la 2014. Mwanafunzi aliye Kisumu au Mombasa, mradi ana tarakilishi na mtandao wa intaneti, anaweza kuzichukua bila malipo na kuifunza mashine yake mwenyewe.

Atakachogundua mapema ni kwamba kuifanya mashine itoe jibu si kazi ngumu. Sehemu kubwa ya muda wake itatumika kuisaili mashine hiyo ili ajue kama jibu lake ni la kweli.